Nyama ya Jioni Chini ya Kasigau

Maneno yote yalianza na mfupa. Noah Mghendi alienda asubuhi pale kwenye mgunga kuangalia chui amebakisha nini, akakuta mfupa wa paja umefungwa tena kwenye tawi, mweupe kama umesuguliwa na majivu, na fundo la kamba limekazwa vile vile alivyolikaza yeye mwenyewe jana jioni. Sasa niambie wewe, chui gani anafunga fundo?

Noah hakumwambia mtu. Aliufungua ule mfupa, akautupa kichakani, akarudi kambini akipiga mluzi.

Na usifikiri Noah alikuwa mtu wa kubabaika porini. Mimi nimeendesha lori barabara ya Voi na Taveta tangu vumbi lake lilikuwa linafika kiunoni, nimebeba watu wa porini wa kila kabila, lakini kama Noah sijaona mwingine kutoka hapa mpaka Sudan. Alikuwa akinusa mavi ya nyati anakwambia mama yake alikunywa maji mto gani. Enzi za uwindaji, kabla serikali haijapiga marufuku, aliwabebea wazungu bunduki. Uwindaji ulipokatazwa, wazungu wakaja na kamera, na Noah akabaki na kazi ile ile ya zamani, kazi ya chambo.

Chambo ni hivi. Unaning'iniza nyama kwenye mti mmoja, jioni jua likienda kuzama, leo, kesho, keshokutwa, bila kuruka, mpaka mnyama asahau kuogopa. Zamani, akishazoea kabisa, mwenye bunduki anaitwa. Siku hizo za kambi wakawa wanaitwa wageni. Wanaketi kwenye kibanda cha nyasi, taa imefunikwa kitambaa chekundu ili isimkere mnyama, wanatazama, wananong'ona, wanapiga makofi chini kwa chini, halafu wanaenda kunywa supu.

Mwaka wenyewe ulikuwa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano. Mtaita gani asiyeukumbuka? Jua liliwaka mpaka mawe ya Kasigau yakawa yanapasuka yakilia kama bunduki. Ndovu walishuka mashambani wakakosa mazao, wakala mapaa ya nyumba. Ng'ombe walikonda hadi ukimtazama mmoja kwa upande unaona boma la jirani. Watu walikesha kwa chifu wakingojea gunia la serikali, mahindi ya njano yanayonuka meli. Na pale kambini, kwenye tambarare chini ya mlima, kila jioni mbuzi alichinjwa akafungwa mtini.

Lakini hata chui walikuwa wamehama. Mgunga wa zamani ulikaa na nyama ikioza, wageni wanapiga miayo, na mzungu mwenye kambi akamwambia Noah kwamba kambi bila chui ni sawa na duka bila sukari, afadhali kila mtu arudi kwao. Ndipo Noah akahamisha chambo. Akakipeleka kwenye mgunga ulio ubavuni mwa jiwe jeusi, pahali wachungaji wa Kasigau tangu zamani wanapita bila kupumzisha mifugo. Wambua, mpishi wa kambi, Mkamba wa Kibwezi, alimwambia mbuzi wenyewe wanakataa kulala pale, na mbuzi si mjinga. Noah akamjibu arudi kwa sufuria zake, mambo ya porini amwachie yeye.

Jioni ile alifunga nyama, akachukua debe, akaligonga kwa jiwe, ko, ko, ko, kama alivyozoea kumwita chui. Na kwa mzaha, ili wageni wacheke, akaongeza maneno.

"Karibu, mgeni wangu. Chakula kiko tayari."

Na mgeni akaja. Chui mkubwa kuliko ndama, alitoka nyuma ya jiwe, akakaa kitako chini ya mti, mgongo kwa wageni, akala polepole bila kupasua wala kunguruma. Wageni walikaribia kulia kwa furaha. Kesho yake akaja tena, akakaa vile vile. Na siku iliyofuata. Wiki zikapita, kambi ikajaa, watu wakatoka Malindi na Nairobi kumwona chui wa Noah, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona uso wake. Asubuhi, mfupa uko juu ya mti, umefungwa.

Wambua alimfuata Noah nyuma ya jikoni, akiangalia huku na huku.

"Noah. Uso wake umeuona?"

"Nimeona mgongo. Wageni wanafurahia mgongo."

"Mimi kwetu nimekatazwa kitu kimoja," Wambua akasema. "Ukisikia mtu nje na hujamwona uso, usimwambie karibu. Hilo debe wacha kuligonga."

Noah akamuuliza kama ukoo wake wote unaogopa debe au ni yeye peke yake. Wapishi wakacheka. Wambua hakucheka, na mwisho wa mwezi alifunga sanduku lake akaenda zake, akasema yuko radhi apikie manamba wa katani Voi kuliko kulala karibu na kitu ambacho mbwa wa kambi hawakibwekei.

Nyumbani kwa Noah kulikuwa upande wa pili wa mlima, njia ya Bungule. Mkewe Tryphena alibaki huko peke yake tangu binti yao Phoebe alipoolewa Mwatate. Tryphena huyo alikuwa mwanamke wa kazi, jembe lake likigusa ardhi unasikia mpaka Maungu. Lakini njaa haina cha jembe. Alikuwa akichemsha mahindi ya njano na mizizi ya muhogo, anakula mara moja, anajifunga kanga tumboni, analala. Siku moja Noah alipokuja na sukari na majani ya chai, alimwomba amletee kichwa cha mbuzi, kichwa tu, hata kama kimekwisha kuchunwa. Noah akamweleza kwamba nyama ya chambo ni ya kambi, akikamatwa na hata kwato atafukuzwa. Tryphena hakuomba tena.

Halafu mvua ikaja. Ilikuja kama imefunguliwa bomba, ikachimba barabara ya Maungu, ikazamisha gari ya wageni mpaka kwenye vioo, nasikia samaki walivuliwa kwenye hema. Mzungu akafunga kambi mpaka msimu mwingine, na Noah akabeba blanketi lake akazunguka mlima kwenda kwake. Alipita pale kwenye jiwe jeusi. Kamba tupu ilikuwa inabembea na hakuna upepo. Hakugonga debe, hakuaga. Alipita tu.

Jioni ya kwanza nyumbani, amekaa kizingitini anavua gumboti, harufu ikamfikia. Harufu ya mbuzi aliyelowa, na chini yake harufu nyingine, kama jiwe lililochomwa halafu likamwagiwa maji. Tryphena alikuwa ndani anapepeta. Na nyuma ya jikoni, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua, kitu kikagonga.

Ko. Ko. Ko.

Noah akazunguka nyumba. Hapakuwa na mtu. Kwenye mwarobaini, pahali anapofika mtu mzima akinyoosha mkono, paja la nyama mbichi lilikuwa limening'inia, damu bado inadondoka, na fundo lilikuwa la Noah, lile ambalo alijifunza kwa wawindaji na ambalo hajamfundisha mtu mlima mzima. Akalikata, akalibeba kwa mbali kama anabeba nyoka, akalitupa korongoni. Hakumwambia mkewe.

Kesho yake jioni likaja lingine, akalitupa. Siku iliyofuata alikuwa shambani anarudishia matuta yaliyobomolewa na mvua, akachelewa, na alipofika karibu na nyumba alisikia mafuta yakilia kwenye kikaango, na sauti ya Tryphena ikiimba, kitu ambacho hakijatokea mwaka mzima.

Akaingia, akamkuta anakula nyama, akamwambia aiteme. Tryphena akamwangalia, midomo inang'aa.

"Nyama ni nyama, Baba Phoebe. Si wewe umeileta?"

Noah akataka kusema hapana, akaona aibu. Hicho ndicho kilichomponza. Mkewe akala mpaka akalamba mfupa ukawa mweupe.

Tangu siku hiyo Tryphena akawa hangoji kuitwa. Jua likigusa mgongo wa mlima, anaacha alichoshika, kinu, ndoo, hata mazungumzo katikati ya neno, anatoka nyuma, anakaa kitako chini ya mwarobaini, mgongo kwa nyumba, anakula. Hakuwa anapika tena. Ukimwita haitiki. Noah alimshika mabega siku moja amwinue, naye ndiye aliyewahi kuinua gurudumu la lori kwa mikono mitupu, nilishuhudia, akamwona mkewe mzito kama ameota mizizi. Jirani walianza kupita mbali. Mbwa wa jirani wakaacha kubweka.

Ikawa Noah hatulii. Mchana anatembea tembea uani, anaanza kupasua kuni anaziacha, anapanda kwenye jiwe anatazama tambarare, anashuka, kijiko kikianguka anaruka. Jioni moja akaamua asiangalie mti. Aangalie kule upande mwingine, kichakani, ulikokuwa mgongo wake siku zote. Akasimama ubavuni mwa jikoni, akakaza macho yake yale ya kuonea chui, akangoja.

Kwanza aliona mwanga. Mwanga mwekundu, hafifu, umelala juu ya mwarobaini na juu ya mgongo wa mkewe, na hautoki kwa jua maana jua limeshazama, hautoki kwa moto maana hautikisiki, unatoka kule kichakani ambako hakuna nyumba wala njia wala chochote isipokuwa miiba hadi mpaka wa Tanzania, na alipokuwa anajiuliza huu mwanga nimeuona wapi akasikia minong'ono, mingi, ya chini, kama watu waliokaa kwa safu wakiambiana angalia, angalia anavyokula, halafu kiti kikalia, halafu mtu akakohoa akiwa ameziba mdomo kwa mkono ili asimshtue mnyama, na mwishowe, Tryphena alipolamba kiganja chake, yakaja makofi, madogo, laini, ya furaha, yale yale, na Noah ambaye alikuwa ameketi upande ule wa taa miaka na miaka akajua bila kuambiwa na mtu kwamba kibanda kiko kule, kwamba wageni wamejaa, kwamba mke wake ndiye mnyama, chambo kimeshamzoesha, na kwamba mnyama akishazoea kabisa kuna mwingine anaitwa, siye wa kutazama.

Alikaa na mkewe usiku huo amemshika mkono. Kulipokucha alizunguka mlima mbio kwenda Rukanga, kwa kaka yake mkubwa, Elijah.

Elijah alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai Jumapili. Lakini baba yao alipokuwa hai alimfundisha kutasa, ile dua ya zamani ya Wadawida, yaani Wataita: unataja hasira iliyo moyoni mwako, unajaza mdomo maji ya miwa, unaipuliza nje pamoja na yale maji, nyumba inapoa. Na ni mkubwa wa nyumba ndiye anayeanza. Hata ukimlipa mganga wa Pemba, mahali pa kaka yako hakai.

Shida ni kwamba Noah na Elijah walikuwa hawajasemezana tangu mama yao azikwe. Noah hakuja kaburini. Alikuwa kambini, kulikuwa na wageni wa chui.

Elijah alimsikiliza akimenya muwa, hakumkatiza. Alipomaliza akamuuliza ni nani aliyesema karibu. Noah akasema ni yeye. Kaka yake akatikisa kichwa, akasema basi hakuna fimbo wala Biblia ya kukifukuza, maana mgeni uliyemwita mwenyewe anatolewa kwa upole, na kila aliye ndani ya nyumba lazima awe na moyo mtupu. Akateremsha sauti.

"Hicho kitu hakikai kwenye mti, Noah. Kinakaa kwenye hasira ya mtu. Kikikosa mahali pa kukaa kitaenda."

Walifika Bungule jua limeanza kuinama. Elijah alikamua miwa kwenye kibuyu, akavua viatu, akasimama kati ya nyumba na mwarobaini. Tryphena alikuwa ameshatoka, ameshakaa. Leo nyama haijawekwa. Kamba ilikuwa inashuka tupu, na mwanga ulikuwa mwekundu kuliko siku zote, na kichakani hakukuwa na mnong'ono hata mmoja. Kimya, kama watu walioambiwa wasipumue. Noah aliufahamu ukimya ule. Katika enzi za bunduki, ndio uliokuwa unakuja mwisho.

Elijah akainua kibuyu, akasema.

"Nilikuchukia, Noah. Mama alikuita mpaka sauti ikaisha na mimi nikamdanganya uko njiani. Nilitamani chui akule. Hiyo hasira naitoa."

Akajaza mdomo, akapuliza, pfff, maji yakatawanyika hewani. Kichaka kikatikisika. Noah naye akashika kibuyu. Akasema amemwonea kaka yake wivu kwa shamba la chini na kwa kupendwa na mama, akapuliza. Na hapo upepo ukatoka mlimani, upepo ambao uling'oa mabati Kasigau nzima, akina mama wa Rukanga watakwambia, ukapita juu yao kuelekea tambarare, na ndani ya upepo ule wakasikia viti vikianguka, na miguu mingi ikikanyaga majani, na debe likigongwa ovyo ovyo, mbali, mbali zaidi, mpaka likapotea. Mwanga mwekundu ukafa. Ikabaki jioni ya kawaida.

Tryphena akageuka. Uso wake ulikuwa wake mwenyewe, umechoka, una machozi. Noah alipiga magoti.

Elijah akampa shemeji yake kibuyu, akamwambia bado yeye, ataje lake apulize, kazi iishe. Akafumba macho akaanza kushukuru Mungu. Tryphena alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Hakumwangalia Elijah. Alimwangalia mumewe.

"Kila jioni mbuzi," akasema. "Na mimi nilikuomba kichwa."

Akajaza mdomo. Mashavu yakafura. Noah akangoja apulize, na koo la mkewe likapanda, likashuka. Akafuta midomo kwa ncha ya kanga. Mchanga mbele yake ulikuwa mkavu.

Elijah akasema amina, akafumbua macho, akawakumbatia wote wawili, akachukua viatu vyake. Noah alitaka kumwita. Alikwisha kufungua mdomo. Tryphena akamshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Mwache aende. Usinilazimishe kutema, Baba Phoebe. Mwaka ule wote, ni wao wa kichakani peke yao walionikumbuka jioni."

Noah akafunga mdomo, akamwacha kaka yake ashike njia.

Kambini hakurudi. Walihamia Voi, chumba kimoja ng'ambo ya reli, na akaomba kazi kwenye bucha ya Waarabu sokoni, yeye mtu aliyejulikana Tsavo nzima, anafagia mifupa. Watu walimcheka. Hawakujua. Kila siku jua likianza kuinama alikuwa anavua aproni, hata kama mteja yuko katikati ya kuhesabu kilo zake, anafunga nyama kwenye gazeti, anakimbia. Mzee mzima, mvi kichwani, anakata Voi mbio kama mwizi, nimempita na lori nikampigia honi hakugeuka. Anafika, anawasha jiko mwenyewe, anapika mwenyewe, anamtilia mkewe sahani mkononi kabla giza halijaingia. Na Tryphena anakula akicheka, anamsimulia habari za majirani, amenenepa, amependeza. Mwenye nyumba aliwaambia wapangaji wengine waige ndoa ile.

Halafu jioni moja treni ya mizigo kutoka Mombasa ikasimama kwenye kivuko. Ilikuwa ndefu, kichwa chake Voi na mkia wake bado Maungu. Watu wakaweka chini mizigo yao wakangoja. Noah alingoja, akatembea huku, akatembea kule, akamuuliza mtu wa reli, akatembea tena. Jua likagusa milima ya Taita. Akajitupa chini ya mabehewa, akatambaa juu ya kokoto na nyama kifuani, akachana magoti, akatokea upande wa pili, akakimbia bila viatu.

Taa ilikuwa imewashwa. Jiko lilikuwa baridi. Tryphena alikuwa amekaa kitandani anasuka ukili wa mkeka, na alipomwona magoti yake yanavuja damu akaruka kumchukulia maji, akamwosha kwa upole, akampepea. Noah akamsukumia ule mfuko wa gazeti. Alikuwa anahema. Tryphena akaupokea, akaupima kwa mkono, akauweka juu ya kabati.

"Tutapika kesho," akamwambia. "Usijisumbue, mume wangu. Mimi nimeshakula."